Gari la Rali Linamisi: Kagua Mahali pa Koili na Njia ya Waya Wake

Gari la mbio likianza kumisi, yaani injini kukatakata moto, kwenye mizunguko ya juu, wengi hukimbilia kabureta. Jeti zinabadilishwa, pampu ya mafuta inafunguliwa, filta inatupwa, na jioni gari bado linamisi palepale. Kwa magari yenye koili moja (inayopandisha umeme wa betri hadi uweze kurusha cheche) na distributa (inayougawa umeme huo kwa plagi), kama Ford Escort, Datsun 240Z na Peugeot 504 za aina inayoonekana kwenye rali ya magari ya zamani ya East African Safari Classic, mimi huanza kwingine. Nauliza koili imefungwa wapi, na waya mkuu, ule mnene unaotoka kichwani mwake kwenda kwenye distributa, unapita wapi.

Nina sababu. Gari likitoka kiwandani, mahali pa koili pamefikiriwa. Likigeuzwa kuwa la rali, koili huhamishwa ili kupisha kabureta mbili za Weber, tangi la maji ya kuoshea kioo, nguzo za kuimarisha bodi au eksozi mpya. Anayeihamisha hufuata nafasi iliyobaki. Hapo ndipo shida inapozaliwa, na haionekani mpaka injini ibanwe kilimani kwa dakika ishirini.

Niseme mapema ninachokiamini, maana nakutana na ushauri mwingi wa kinyume, kwamba koili isogezwe karibu ili waya uwe mfupi. Waya mrefu peke yake mara chache ndio unaoua moto wa plagi. Kinachoua ni waya mrefu uliolazwa juu ya bati, au koili iliyosogezwa kwenye joto na mtikisiko kwa nia ya kufupisha waya. Ukilazimika kuchagua kati ya koili iliyo karibu lakini inaungua na koili iliyo mbali lakini imepoa na imetulia, chagua ya pili, kisha upitishe waya wake kwa uangalifu.

Kwanza, tazama mshale wa tachometa

Kabla ya kufungua nati yoyote, mtu mmoja aendeshe na mwingine aangalie tachometa injini inapomisi. Hii ni kwa tachometa inayochukua taarifa kwenye terminali hasi ya koili, kama zilivyo nyingi za magari ya zamani.

Mshale ukianguka ghafla au ukirukaruka injini inapokata, umeme mdogo unaoingia kwenye koili unakatika. Shuku swichi, swichi ya kuzimia gari, fyuzi, pointi (swichi ndogo ndani ya distributa inayofunga na kukata umeme wa koili), moduli inayofanya kazi hiyo kielektroniki, au waya uliolegea kwenye terminali za koili. Mshale ukitulia huku injini inamisi, koili inapokea amri yake vizuri lakini moto unapotelea baada ya hapo: ndani ya koili, kwenye waya mkuu, kifuniko cha distributa, rota, nyaya za plagi au plagi zenyewe. Mafuta nayo yakipungua, mshale hautarukaruka. Utashuka taratibu pamoja na nguvu ya injini. Kukatika kwa umeme kunakuja kwa ghafla, mara nyingi na mlipuko kwenye eksozi, kwa sababu mchanganyiko usioungua ndani ya silinda unaenda kuungua nje.

Dakika tano za kuangalia mshale zitakuonyesha upande wa kushika. Usiziruke.

Linaenda vizuri likiwa baridi, linamisi likipata moto

Hii ndiyo dalili ya koili iliyowekwa pabaya. Gari linaanza sehemu ya mashindano bila shida, linachoka katikati, likisimama dakika kumi na boneti wazi linapona. Fundi akifika anapima, anakuta kila kitu sawa, kwa sababu anapima kitu kilichopoa.

Waya wa shaba ulio ndani ya koili huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili yenye omu 3.0 kwa nyuzi 20 itakuwa na omu 3.9 hivi ikifika nyuzi 100. Kwa volti 13.5, mkondo unashuka kutoka ampea 4.5 hadi karibu 3.5. Nishati inayohifadhiwa ndani ya koili inafuata mraba wa mkondo, kwa hiyo koili inayopata muda wa kujaa inabaki na chini ya asilimia 60 ya nguvu iliyokuwa nayo asubuhi. Na hapo hatujahesabu insulesheni ya ndani inayolegea kwa joto na kuanza kuvujisha.

Kwa hiyo pima koili ikiwa moto, palepale gari linaposimama. Chomoa waya, weka mita kati ya terminali chanya na hasi. Koili isiyotumia kizuizi cha nje (rezista ya kupunguza mkondo) kwa kawaida husoma karibu omu 3. Ile iliyotengenezwa kutumika na kizuizi husoma karibu 1.5. Kisha pima kati ya terminali mojawapo na kichwa cha waya mkuu. Koili nyingi za aina hii husoma kati ya kilo-omu 5 na 15. Linganisha na kipimo cha baridi na cha mtengenezaji. Namba ikiruka hovyo unapogongagonga koili kwa mpini wa bisibisi, koili imekufa ndani.

Kama ni nzima lakini inaunguza mkono, tafuta joto linatoka wapi. Mara nyingi ni manifoldi ya eksozi iliyo karibu. Kwenye injini ya L24 ya Datsun 240Z, Nissan waliweka eksozi na kabureta upande mmoja, na plagi pamoja na distributa upande wa pili. Koili ikibaki upande huo wa plagi inapumua vizuri. Nimeona gari la aina hiyo ambalo koili ilihamishiwa upande wa eksozi, na mwenye gari akawa ananunua koili mpya kila msimu akilaumu duka.

Joto pia linaweza kutoka ndani. Koili ya omu 1.5 iliyofungwa bila kizuizi chake inavuta hadi ampea 9 kila pointi zinapofunga. Itachemka popote utakapoiweka, hata ukiifunga mbele ya rejeta, na pointi zitaungua nayo. Vilevile, kuacha swichi imewashwa huku injini imezimwa na pointi zimefunga ni kuipika koili. Mafundi wa umeme hufanya hivyo wakijaribu taa na redio za mawasiliano. Chomoa waya wa chanya wa koili kwanza.

Pa kuiweka: kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, au ubavu wa chumba cha injini ulio mbali na eksozi, juu kuliko kiwango ambacho maji ya mto yatafika. Koili ya kopo yenye mafuta ndani isimame wima, kichwa juu, isipokuwa mtengenezaji amesema vingine. Ikilazwa, hewa iliyomo ndani inaweza kuacha sehemu ya nyuzi bila mafuta ya kuzipoza.

Haina nguvu juu ya mizunguko 6,000, lakini chini ni tamu

Hapa kuna mambo mawili yanayofanana, na watu huyachanganya.

La kwanza ni muda. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika inahitaji cheche 16,000 kila dakika, karibu 267 kila sekunde. Koili moja inapata milisekunde 3.75 tu kati ya cheche na cheche, na sehemu ya muda huo pointi ziko wazi, haijazwi. Silinda sita kwenye mizunguko 7,000 ni ngumu zaidi: cheche 350 kwa sekunde, chini ya milisekunde 2.9. Koili ya barabarani haijatengenezwa kwa kazi hiyo. Hata ukiibandika juu ya distributa kwa waya wa sentimita kumi, haitajaa. Dawa ni koili ya mbio yenye moduli yake, au mfumo wa CDI (unaohifadhi nishati kwenye kapasita badala ya koili), au koili zaidi ya moja.

La pili ni volti zinazopotelea njiani, na hapa ndipo urefu wa waya unapoingia. Watu hupima waya kwa omu, wakiona kilo-omu 10 wanashtuka. Lakini kabla cheche haijaruka hakuna mkondo wa maana unaopita kwenye waya, kwa hiyo ukinzani hauli volti nyingi. Kinachokula ni uwezo wa waya kuhifadhi chaji dhidi ya bati la gari. Ni kama mpira mrefu wa maji: mdomoni hapatoki kitu mpaka mpira wote ujae. Koili lazima iujaze waya mzima hadi volti za kurusha cheche, ndipo plagi ipate chake.

Tufanye hesabu. Waya wa plagi unaoning'inia hewani sentimita kadhaa kutoka kwenye bati una takriban pikofaradi (kipimo cha uwezo huo) 10 hadi 20 kwa mita. Ukilazwa juu ya bati unafika karibu 50. Ukivikwa soksi ya chuma iliyosukwa unakaribia 100. Chukua koili yenye milijuli 40, na uwezo wa jumla wa pikofaradi 50 kati yake na nyaya zake. Bila upotevu mwingine inaweza kufika kilovolti 40. Ongeza sentimita 60 za waya uliofungwa kwa kebo tai kwenye bati, yaani pikofaradi 30 zaidi, na kilele kinashuka hadi kama kilovolti 32. Chukua waya uleule, wenye urefu uleule, uinue sentimita tano kutoka kwenye bati kwa vishikizi vya plastiki: unaongeza pikofaradi 9 tu, na kilele kinarudi karibu 37.

Nawaomba mafundi wairudie hesabu hiyo. Kuinua waya kumerudisha zaidi ya nusu ya kilichopotea, bila kuhamisha koili wala kununua kitu zaidi ya vishikizi. Pikofaradi huzisomi kwa mita ya kawaida ya omu, ndiyo maana tatizo hili linaitwa la ajabu.

Volti hizo zinahitajika wakati gani? Injini inapobanwa, pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, shinikizo ndani ya silinda ni kubwa, na hewa iliyoshinikizwa inaigomea cheche. Ndiyo maana gari linamisi likipanda kilima kwa gia ya tatu lakini likisimama unaweza kulipandisha hadi kikomo bila dalili. Jaribio la haraka: punguza mwanya wa plagi, kwa mfano kutoka milimita 1.0 hadi 0.7. Kama kumisi kumepungua au kumeisha, moto wako haukuwa na akiba ya volti. Usiridhike hapo, rudi utafute akiba imeliwa na nini.

Angalia pia kama waya za chanya na hasi za koili zimebadilishana. Injini itawaka na kutembea, lakini cheche itaruka kutoka upande wa plagi ulio baridi, na hiyo inataka volti nyingi zaidi. Kosa hili hutokea sana koili inapohamishwa na nyaya kuunganishwa upya.

Mlipuko kwenye kabureta, au injini inagonga bila sababu

Kama taimingi (wakati wa kurusha cheche) ni sahihi na valvu ni nzima, shuku nyaya za plagi zilizofungwa pamoja. Fundi nadhifu huzikusanya zote nne, anazifunga kebo tai, zinapendeza. Waya mmoja unaporusha kilovolti 30, unaamsha volti kwenye jirani yake unaokwenda sambamba nao.

Kwa mpangilio wa kupiga moto wa 1-3-4-2, silinda ya 4 hufuata ya 3, na ya 1 hufuata ya 2. Ya 3 inapopigwa moto, ya 4 ndiyo kwanza inaanza kushinikiza. Shinikizo lake ni dogo, na mchanganyiko mpya umo ndani. Cheche hafifu tu inatosha kuuwasha, na pistoni bado inapanda. Hilo linaweza kutoboa pistoni. Kwenye V8 zenye mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2 mafundi wa Marekani wanaijua shida hii kwa silinda za 5 na 7, ambazo ziko jirani na hufuatana.

Tenganisha nyaya kwa angalau sentimita mbili au tatu. Silinda zinazofuatana na kupakana zipewe umbali mkubwa zaidi, na zikilazimika kukutana zipishane kwa pembe mraba, zisiende sambamba.

Liko sawa Mombasa, linamisi Naivasha

Kwa sisi tunaokimbia nyanda za juu, hili lina maana kubwa. Kwenye mwinuko wa mita 1,900 shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani. Hewa nyepesi inarukwa na umeme kwa urahisi zaidi. Ndani ya silinda hilo linapunguza kidogo volti zinazohitajika, lakini nje linageuka adui: mwanya kati ya kichwa cha koili na bati uliotosha ufukweni unaweza kurukwa huku juu, hasa hewa ya chini ya boneti ikiwa moto pia.

Ongeza vumbi la Safari. Vumbi likichanganyika na unyevu juu ya kichwa cha koili linatengeneza njia ya umeme. Umeme ukipita hapo mara kadhaa unachoma mstari mweusi, mwembamba kama nywele, na kuanzia siku hiyo cheche itapita hapo daima. Kuusugua hakusaidii. Badilisha kifuniko au koili.

Namna ya kuona: subiri giza, washa injini, nyunyiza maji kwa chupa ya ukungu kwenye koili, waya mkuu, kifuniko cha distributa na kila waya wa plagi. Uvujaji utaonekana kama nyuzi za buluu zinazocheza. Usishike kitu kwa mkono wakati huo, hasa kwenye CDI, ambayo hata upande wake mdogo hupeleka volti mia kadhaa kwenye koili. Ukikuta uvujaji, safisha na ukaushe, weka grisi ya silikoni ndani ya buti za raba, na hakikisha kila kichwa cha waya kimefunikwa hadi chini. Injini za kamshafti mbili ambazo plagi zimo ndani ya visima, toa nyaya uangalie kama kuna mafuta au maji kisimani; cheche hupanda ukuta wa kisima badala ya kushuka kwenye plagi.

Kompyuta ya injini inachanganyikiwa

Magari mengi ya zamani sasa yamewekewa kompyuta na koili pacha, ambapo koili moja inapiga plagi mbili kwa wakati mmoja. Lancer Evolution nyingi zinazoshindana kwetu zina mpango huo tangu kiwandani: koili mbili zimekaa juu ya plagi mbili, na nyaya mbili fupi zinapeleka moto kwenye plagi nyingine mbili. Kila koili inapata muda mara mbili ya ile inayohudumia silinda zote nne, kwa hiyo kujaa si tatizo tena. Tatizo linahamia kwenye kelele za umeme.

Dalili ni injini kukata kwa mizunguko ileile kila mara, kompyuta kupoteza hesabu ya krenki, au mafuta kumwagwa ovyo. Kagua kwanza kama kuna nyaya za plagi zenye uzi wa shaba tupu. Hazifai kwenye gari lenye kompyuta. Tumia nyaya zenye ukinzani au zenye uzi uliozungushwa, pamoja na plagi zenye kizuizi ndani, kama BPR6ES ya NGK, ambayo herufi R inaonyesha hivyo. Waya wa sensa ya krenki upite mbali na koili. Nyaya zake mbili zisokotwe pamoja, na ngao yake iunganishwe ethi upande mmoja tu.

Kisha ethi ya koili, jambo linalosahaulika kuliko yote. Cheche ikiruka kwenye plagi, mkondo unaingia kwenye silinda hedi na lazima urudi kwenye koili; kwa koili pacha unarudi kupitia plagi yake ya pili, lakini koili ya mdomo mmoja haina njia hiyo. Ukihamisha koili ya namna hiyo hadi ukutani, mkondo huo unarudi kwa kupitia injini, mkanda wa ethi, bodi na bolti yenye rangi, na mzunguko huo mpana unarusha kelele kila mahali. Vuta waya mnene kutoka kwenye braketi ya koili, au kutoka kwenye pini yake ya ethi kama ipo, hadi kwenye silinda hedi moja kwa moja. Kwangu hilo ni la lazima, hata kama gari linawaka bila waya huo.

Pima pia volti kwenye terminali chanya ya koili injini ikizunguka, ulinganishe na za betri. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotea kwenye swichi ya zamani au waya mwembamba uliorefushwa wakati wa kuhamisha koili. Weka relei karibu na koili, ichukue umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi.

Kumisi kwenye matuta tu

Vipimo vyote vizuri, barabara laini nzuri, kwenye mawe linakata. Waya mkuu umevutwa mno. Injini inacheza kwenye raba zake sentimita kadhaa, koili imefungwa kwenye bodi, na waya usio na ulegevu unachomoka kidogo ndani ya kichwa cha koili bila buti kuonyesha. Acha ulegevu wa kutosha mpindo mmoja mpana, na ushike waya karibu na ncha zote mbili. Usijaribu kukwepa hilo kwa kuifunga koili juu ya injini: koili ya kopo haiupendi mtikisiko huo. Ukikosa pengine kabisa, tumia koili iliyojazwa epoksi.

Ukimaliza, funga koili ya akiba pembeni ya ile inayofanya kazi, kwenye braketi ileile, ikiwa na terminali za aina moja na waya mkuu unaofika kwa zote mbili. Ijaribu barabarani kabla ya mashindano mpaka ipate moto, na uandike chanya na hasi kwa rangi inayoonekana kwa tochi.